Usukani wa Kayaki Kwenye Safari Ndefu: Kutoka Mangapwani Hadi Pemba

Upepo wa kusi ukikupiga ubavuni ukiwa kwenye kayaki ya bahari, ule mtumbwi mwembamba wa kupiga kafi, chombo hakikubali kwenda unakotaka. Omo, yaani pua ya mbele, inageukia upepo. Unairudisha, inageuka tena. Hapo usiilaumu kayaki wala usijilaumu. Chombo kikienda mbele, omo inapasua maji mapya yanayoibana huku na huku, kwa hiyo imeshikwa. Tezi, yaani sehemu ya nyuma, inapita kwenye maji yaliyokwisha kuvurugwa na haina cha kuishika. Upepo unasukuma chombo kizima, lakini kinachosogea kwa wepesi ni tezi. Tezi ikienda demani, upande upepo unakoelekea, omo inatazama joshi, upande upepo unakotoka. Mgeni anayepiga kafi nusu saa mbele ya hoteli hana haja ya kulijua hilo. Anayetoka alfajiri akafika alasiri atakuwa nalo siku nzima.

Kazi yangu ni kutembeza wageni kwa kayaki hapa Unguja, na kwetu ni Mkokotoni. Wageni wakipungua, mimi na ndugu yangu, mtoto wa ami, tunakwenda safari zetu wenyewe, zile ndefu. Ami ni mvuvi wa ngalawa, na ndiye aliyetufundisha bahari kabla hatujaijua kayaki. Tulipoileta kayaki ya kwanza yenye usukani, aliizunguka nyuma, akaukunja usukani na kuukunjua, akafuata waya kwa kidole mpaka kwenye pedali. Kisha akasema: "Huu hauvuti chombo, wanangu. Unakielekeza tu. Mwendo mtautoa nyinyi."

Wapiga kafi wamebishana miaka mingi kama usukani unasaidia kwenye masafa marefu au unaharibu ufundi wa mtu. Mimi nimeyapima maneno ya ami kwa mabega yangu, na naona ana haki kwa sehemu kubwa. Kuna sehemu moja tu ambayo bahari ilinionyesha vingine, nitaifikia.

Tulikuwa na kayaki mbili za urefu mmoja, futi 17, upana karibu sawa. Moja ina usukani unaokunjwa juu ya tezi, nyingine tezi tupu. Njia tuliyoichagua ni pwani ya magharibi, Mangapwani kwenda Nungwi, msimu wa kusi. Ukielekea kaskazini kwa njia hiyo upepo unakujia nyuma ya bega la kulia, na Mkokotoni iko karibu nusu ya safari, kwa hiyo pale tulishuka, tukanywa maji, tukabadilishana vyombo. Kila mmoja akaonja vyote viwili kwa upepo uleule na siku ileile. Tumeifanya hivyo zaidi ya msimu mmoja.

Asubuhi, bahari ingali shwari, tofauti haipo kabisa. Ukiushusha usukani wakati huo unaburura bapa la bure, na bapa lolote lililo majini linakula nguvu kidogo. Hata upepo ukiwa wa mbele uso kwa uso, usukani hauna kazi. Anayekwenda Pemba kwa kaskazi ya Januari anapigana na upepo na mawimbi ya mbele, na hapo nguvu ya kiuno ndiyo inayosema.

Kuanzia saa nne hivi, kusi ikishaamka, mambo yanabadilika. Aliye kwenye tezi tupu anaanza kupiga mapigo mawili, matatu ya kulia kwa moja la kushoto. Na yale ya kulia hayampeleki mbele. Ni mapigo mapana ya kufagia, kuanzia usawa wa miguu mpaka nyuma ya kiti, ya kuirudisha omo mahali pake. Nikiwa nyuma ya ndugu yangu niliona bega lake la kulia linapanda kidogo kidogo kuelekea sikioni, na kiuno kimeacha kuzunguka. Mtu akifika hapo anapiga kafi kwa mkono mtupu, na mkono hauna akiba ya siku nzima. Mgongo na miguu ndiyo yenye akiba hiyo.

Saa yangu yenye GPS ilionyesha kwamba mbele ya Tumbatu, pale upepo unapopita baina ya visiwa bila kizuizi, tofauti ya mwendo kati ya vyombo viwili ilikuwa ndogo. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia. Kilichotofautiana ni miili. Aliyeshuka Nungwi kutoka kwenye tezi tupu alishindwa kufungua kifuniko cha chupa kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ulikuwa mzima kama ametoka kitandani. Aliyeshuka kwenye usukani alikuwa amechoka, tena amechoka kweli, lakini uchovu wake ulikuwa wa mwili wote, na kesho yake angeweza kuondoka tena. Kwangu mimi hapo ndipo jibu la masafa marefu lilipo. Safari ya siku moja unaweza kuimaliza kwa ubishi. Ya siku tatu mfululizo huimalizi kwa bega moja.

Nisiseme kwamba bila usukani mtu hana njia. Zipo, na lazima zijulikane. Ya kwanza ni kukilaza chombo kidogo upande wa joshi, goti likibana juu na kiuno kikikaa upande. Kayaki ikilala kulia inataka kugeuka kushoto, na hivyo inapingana na upepo. Inafanya kazi vizuri sana kwa dakika ishirini. Baada ya saa mbili nyonga inawaka moto. Ya pili ni mzigo. Ukiweka madumu ya maji nyuma ya kiti, tezi inazama zaidi na maji yanaishika, basi upepo unaisumbua kidogo. Ukizidisha, chombo kinaanza kukimbia na upepo na kuirudisha omo joshi inakuwa kazi nyingine. Sisi huwa tunapakia kwa kutazama upepo wa siku hiyo, dumu moja mbele au nyuma, na dumu hilo moja lina maana kubwa.

Sasa ile sehemu niliyosema bahari ilinionyesha vingine.

Baina ya Nungwi na ncha ya kusini ya Pemba ni kama kilomita 50. Huku kwetu mahali pale panaitwa Mkondo wa Nungwi, na jina hilo hatulitaji kwa mzaha. Unguja imekaa kwenye maji ya kina kifupi pamoja na bara, lakini Pemba imezungukwa na kina kirefu, na mkondo wa bahari unapita hapo kwenda kaskazini mwaka mzima, msimu wa kusi ukiwa na nguvu zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya abiria MV Spice Islander I ilizama njiani kwenda Pemba, na hakuna kijiji chetu ambacho hakikuguswa. Kwa hiyo tulipoamua kuvuka kwa kayaki, tulivuka mwishoni mwa kusi upepo ukiwa umelegea, tukiwa na boti ya injini karibu, jaketi okozi mwilini na redio. Sijawahi kumshauri mtu avuke vingine.

Katikati ya mkondo mawimbi yanakuja nyuma kulia, marefu, na yanapita chini ya chombo kwa mwendo mkubwa kuliko wako. Ukiwa na usukani, unaona wimbi linainua tezi, unagusa pedali kidogo tu, omo inashuka bondeni, mapigo matatu manne ya nguvu, na wimbi linakubeba. Linakuacha, unatafuta jingine. Hukukatiza kupiga kafi hata mara moja. Asiye na usukani, wimbi lilelile linapoinua tezi linaizungusha ubavu, naye badala ya kuongeza nguvu analazimika kutumbukiza kafi nyuma na kuishikilia pale ili chombo kinyooke. Kafi iliyoshikiliwa nyuma ni breki. Wimbi limepita bila kumpa kitu. Hapo, na hapo tu, nimeona usukani unaongeza mwendo waziwazi, mpaka tukalazimika kusubiriana.

Nilipokuja kusoma habari za mashindano ya Hawaii nilielewa kwa nini. Mlango wa Kaiwi, kati ya visiwa vya Molokai na Oahu, una kilomita kama 52, karibu sawa na mkondo wetu, na upepo wake unatoka nyuma. Wanaushindania kwa kayaki nyembamba zilizo wazi juu, na vyombo hivyo vyote vina usukani chini ya tezi. Oscar Chalupsky wa Afrika Kusini ameshinda pale mara 12. Watu wanaotafuta kila sekunde wasingebeba bapa majini kama halirudishi zaidi ya linachokula. Hata Hannes Lindemann, daktari wa Kijerumani aliyevuka Atlantiki mwaka 1956 kwa kayaki ya kukunja kwa siku 72, chombo chake kilikuwa na usukani, na tanga juu yake. Wawindaji wa Greenland, ambao umbo la kayaki hizi limetoka kwao, hawakuwa nao, na ndio mfano ambao wasiopenda usukani huutoa kila mara. Lakini chombo cha mwindaji kilikuwa chembamba na cha chini mno, kimetengenezwa kwa vipimo vya mwili wake, na yeye amekikalia tangu utotoni. Sisi tunapanda kayaki za kiwanda zenye mizigo na hema, juu ya maji zimeinuka, upepo unazipata.

Lipo jambo usukani hauwezi, na kwenye mkondo linaweza kukupeleka mbali. Usukani unashika uelekeo wa omo. Njia unayopita juu ya maji ni habari nyingine. Ukiielekeza omo Pemba na mkondo unakwenda kaskazini, omo itatazama Pemba saa zote huku wewe unahamishwa. Na kwa kuwa chombo kimetulia, hakiyumbi wala hakikupi taabu, hutagutuka. Ami alitufundisha kutazama alama mbili zilizopangana, mnazi wa mbele na mnara wa nyuma. Zikiachana, unajua unachukuliwa, na unapelekwa upande gani. Baharini kwenye mkondo, ambako Pemba huioni mpaka umeshakwenda sana, tulielekeza omo kulia ya tunakokwenda kwa dira, tukalinganisha na GPS kila baada ya muda.

Usukani wenyewe pia haufanani. Ule wa kwanza ulikuwa na pedali zinazoteleza mbele na nyuma kwenye reli. Kero yake ni kwamba pigo zuri la kafi linaanzia mguuni: unakanyaga, kiuno kinazunguka, kafi inavuta. Ukikanyaga pedali inayoteleza, mguu unaishia hewani na usukani unapinda bila kutakiwa. Ndugu yangu aliuchukia usukani mwaka mzima kwa sababu hiyo, na alikuwa na haki kabisa. Kayaki yetu ya sasa ina kibao imara cha kukanyagia kisichosogea, na juu yake vipedali viwili vidogo vya kuguswa kwa vidole gumba. Kisigino na unyayo vinasukuma, vidole vinaelekeza. Mtu akiniuliza anunue kayaki gani ya safari ndefu, namwambia akatazame hapo miguuni kabla hajatazama nyuma.

Halafu kuna pwani zetu za mashariki. Paje na Jambiani maji yakipwa, ndani ya mwamba kunabaki maji ya magotini, na chini kuna mashamba ya mwani: vigingi, kamba, na mafungu ya mwani yamefungwa kwa taitai, vile vikamba vidogo. Niliwahi kupita pale bapa limeshushwa, tukihama kutoka mkondo mmoja wa maji kwenda mwingine, na bapa likanasa kamba. Mama mwenye shamba alikuja taratibu mpaka kwenye chombo, akatia mkono nyuma, akaitoa kamba bila kukata hata fungu moja. "Baba, hicho kisu chako kinyanyue," akaniambia. "Hapa sisi tunakula." Tangu siku hiyo, nikiona chini tu, bapa linakuwa juu ya tezi. Na ukitazama vizuri, ami hufanya vivyo hivyo tangu zamani: ngalawa ikikaribia pwani, anaung'oa usukani kwenye rumada, yaani bawaba zake, anaulaza ndani pamoja na kana, mkono wa kuushikia, na kilichobaki anakimaliza kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia. Kwenye mikoko ya Chwaka vilevile. Njia zina kona fupi, mizizi huku na huku, na kayaki inageuzwa kwa kafi na kiuno.

Vitu vinavyosogea baharini huharibika, na usukani una vingi. Tulikuwa magharibi ya Pemba, tumetoka Mkoani tunaelekea Wete, kusi nyuma yetu, waya wa kulia ukakatika. Nilisikia tu pedali imekuwa nyepesi. Usukani ukabaki umepinda kushoto, na usukani uliopinda usiorudi ni mbaya kuliko kukosa usukani, maana sasa unapigana na chombo chako mwenyewe. Nashukuru kamba ya kunyanyulia ilikuwa nzima. Nikaliinua bapa juu, tukasogea kwenye kisiwa kidogo chenye mchanga. Mahali pa kukatika palikuwa pale waya unapoingia kwenye mpira wake karibu na tezi. Kwa nje ulikuwa unang'aa. Nilipouvuta, nyuzi zake nyembamba zilikuwa zimekatika mojamoja kwa muda mrefu, ndani kuna kutu nyekundu na chumvi imeganda. Chuma kisichoshika kutu nacho hushikwa, kikikaa na chumvi mahali pasipopata hewa.

Tulihamisha maji na chakula nyuma, tukaifunga stoo ya mbele ikiwa karibu tupu, nikaendelea kwa tezi nzito na kwa kukilaza chombo. Ilikuwa kazi, lakini tulifika kabla ya Magharibi. Kama nisingekuwa nimepiga kafi miaka bila usukani, sijui kisiwa kile tungelala usiku ngapi. Sasa waya zote tumezitoa, tumeweka kamba nyembamba za Dyneema, nyuzi za plastiki zenye nguvu sana. Hazishiki kutu, lakini zinalika pale zinaposuguana, kwa hiyo mafundo tunayafungua na kuyatazama. Tukishuka pwani tunamimina ndoo moja ya maji yasiyo ya chumvi juu ya bawaba na pedali. Ndoo moja inatosha, na vijijini hakuna sababu ya kuomba zaidi.

Wapo wanaopendelea pezi, lile linaloshuka kutoka kwenye mfuko tumboni mwa kayaki karibu na tezi. Halizunguki, unalishusha kidogo au sana. Likiwa juu, omo inakwenda joshi. Likishuka lote, chombo kinakimbia na upepo. Katikati unapata mahali ambapo kinanyooka. Ni zuri, halina pedali, miguu inabaki imara. Kwa safari za wageni kutoka Fumba kwenda Kwale ndilo ninalolipenda kuliko vyote. Tatizo lake huku kwetu ni pwani zenyewe. Kila ukisukuma kayaki kutoka mchangani, vijiwe vya matumbawe vinaingia kwenye ule mfuko na pezi linakwama, na kulikwamua unahitaji mwenzio aliye majini nyuma yako. Na kwenye mawimbi ya mkondo pezi halikusaidii kufuata wimbi, maana wimbi linataka ugeuke sasa hivi, kisha unyooke, kisha ugeuke tena.

Kwa hiyo kwa njia ya Pemba, na kwa safari yoyote inayochukua zaidi ya saa tano upepo ukiwa wa ubavuni au nyuma, natia usukani. Kwa ghuba, mikoko na mwani, naunyanyua au naacha nyumbani chombo chenye nao. Vijana wanaoanza kazi kwetu, usukani wao naufunga juu kwa kamba mpaka niwaone wanakwenda Kwale na kurudi, upepo uko ubavuni, omo haitangitangi. Wengine wananuna. Baada ya hapo ndipo naufungua.

Na kabla ya safari ndefu, kayaki ingali mchangani, keti ndani, kanyaga kulia mpaka mwisho, kisha kushoto mpaka mwisho, mwenzio amesimama nyuma anatazama bapa. Vuta kamba ya kulinyanyua, lishushe, linyanyue tena. Mwambie apitishe kidole kwenye kila fundo. Tia mfukoni kamba ya akiba yenye urefu wa kutosha kutoka pedali mpaka tezi, na kisu kidogo cha kuikatia.